Mashimo Ambayo Ndege Haikuyaona: Risala ya Wanawake wa Mwamalolo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kitendawili! Anayenikanyaga hanioni, anayeruka angani ananiona. Usijisumbue, leo hatudai mji, jibu tunakupa bure: ni shimo la mawe la zamani.

KARIBU

Karibu Mwamalolo. Kwa umri wangu wewe ndiye ungeniamkia, lakini wenye shida ni sisi. Shikamoo.

YALIKOTOKA

Mashimo haya yalichimbwa mwaka 1964 na wapasua mawe ya barabara. Mawe yalipokwisha, wakaenda zao. Mvua ikaingiza udongo, nyasi zikaziba midomo. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kuja na bei nzuri, tumelima mpaka juu yake.

MAFANIKIO

Tuna plau mbili na maksai wanne. Samahani, watatu. Mwaka jana Odeta alikuwa analima, ardhi ikafunguka. Maksai akafa, Odeta mpaka leo anatembelea gongo. Yule pale, anakupungia mkono.

NDEGE

Serikali ikasikia, ikaleta ndege ya kupiga picha. Kiangazi, nyasi za juu ya shimo hubaki kijani wakati kwingine kumekauka. Lakini kwamba ndege inatafuta kijani hicho ili mashimo yajazwe, tulijua baadaye. Sisi tuliambiwa tu, "Jumatano inapita ndege, inapiga picha mashamba."

"Inamtafutia mwekezaji," akasema Ndalahwa, mwenyekiti wetu wa kitongoji. "Palipochimbwa mawe ndipo atakapopataka."

"Sasa tufanyeje, ngosha, wewe uliye mwanamume?"

"Kijani ndicho kinachoonyesha mashimo, chote kifyekeni. Tandazeni mabua."

Siku tatu hatukukaa. Tulifyeka, tukatandaza mabua ya mtama, tukamwagia na udongo. Kuyamaliza yote hatukuweza, ila tuliyoyafikia, Mheshimiwa, tuliyaficha vizuri mno! Picha zimeonyesha mashimo tisa.

MATATIZO

Malori ya kifusi yanaanza Jumatatu kujaza hayo tisa. Bwana mpimaji Revocatus, aliyekaa hapo karibu nawe, alikuja na picha zake, akazipanga mezani, akatuuliza, "Akina mama, ni haya tu?"

Tukatazama chini. Tuliogopa kunyang'anywa mashamba, tukaogopa na kufungwa. Mimi nikamwambia, "Baba, kunywa kwanza uji." Akanywa, akakusanya picha zake, akaondoka.

Tangu siku hiyo hatulali vizuri. Mabua yameanza kuoza, ukipita unasikia ardhi inabonyea. Mawingu yamejaa upande wa ziwani. Ikinyesha tu, tunafunga maksai tulime, na Odeta amesema hashiki plau tena.

MAOMBI

Shamba la mtu libaki la mtu. Ndalahwa asifungwe peke yake, tulifyeka wote. Na malori, tafadhali, yasigeuze yakishajaza la tisa.

Mungu akurudishe Magu salama, akupe wajukuu wasumbufu kama wangu. Ni sisi, Kikundi cha Wanawake Wakulima wa Mwamalolo, na msomaji wenu, Bernadeta Kashindye.

Bwana Revocatus, hapana, baba. Si hayo tu. Yako mengine matano, na moja liko shambani kwangu, pale wanapokatiza watoto wa shule. Nililifunika kwa mikono yangu. Twende nikuonyeshe.