Mkono wa Namalwa

Kwenye basi la Uthiru, kwenye kiti kilicho mbele yangu, mama mjamzito aliutazama mkono wa mzee mwenye kilemba aliyeketi kando yake. Ulitetemeka gotini.

"Nyanya yangu Namalwa alitetemeka hivyo mpaka akafa," akamwambia. "Nyumbani wanataka mtoto apewe jina lake. Naogopa atarithi ugonjwa."

"Ugonjwa haufuati jina, mama. Daktari aliniambia kuna jeni inayoongoza ujumbe unaotoka seli moja ya ubongo kwenda nyingine. Yangu ina hitilafu. Hiyo hufuata damu."

"Na damu ya mtoto si ni ileile ya nyanya, baba?"

Mzee aligeukia dirisha. Mimi pia nilitazama dirishani.

"Namalwa alikuwaje?" mzee akauliza.

"Mcheshi! Aliimba akisonga ugali, mkono ukitetemeka."

"Basi ucheshi huo nao uko kwa damu."

Basi likasimama Uthiru. Mama akashuka polepole, akiimba kwa sauti ndogo.