Elphas Amugune, Mchezaji wa Kumi na Wanane

Baada ya miaka tisa na miezi saba kazini, Mzee Elphas Amugune atakabidhi funguo za ghala la vifaa siku ya Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2019. Ametimiza miaka sitini, na sheria ni sheria. Hakuna mchezaji kutoka Marekani aliyewahi kukaa katika timu yetu zaidi ya misimu mitatu. Mzee amewapokea wote na kuwasindikiza wote uwanja wa ndege, na bado ndiye pekee anayejua nani aliondoka na soksi za nani.

Aliingia Riyadh Machi 2010, wakati mawakala wa Nairobi walipokuwa wakijaza ndege kwa Wakenya wa kuja huku. Wakala wake alimwambia atatunza uwanja wa mpira, kwa hiyo akafungasha pampu na neti mbili za goli kutoka kwao Kakamega. Alipofika kambini akakuta milingoti mirefu na mpira wenye umbo la yai. Ilikuwa ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, yenye timu nne tu, kila moja ikimilikiwa na tajiri wa kampuni ya ujenzi na kuchezea ndani ya kambi za wageni. Sisi tuliitwa Mwewe wa Riyadh. Mzee hakuzitupa neti zake. Alizitundika ghalani akawa anaanikia helmeti.

Kosa lake la kwanza tunalikumbuka kwa furaha. Uwanja wa mchezo huu hupimwa kwa yadi mia moja. Mzee, kwa mazoea ya viwanja vya shule za nyumbani, akapima mita mia moja na kuupiga chokaa ukapendeza kweli kweli. Wachezaji walikimbia mechi nzima wakihema, wakalaumu joto, kisha wakamlaumu mpishi wetu Priscilla na wali wake. Mzee alipogundua, alimwendea Kocha Lowell, Mmarekani mwenye sauti kubwa na moyo mdogo, akamwambia, "Kocha, uwanja wako nimeuongeza kidogo. Hiyo ni zawadi."

Ghalani alikuwa na taratibu zake. Alipenda kuimba nyimbo za kanisani huku akikaza mikanda ya kofia, na hakukubali mtu aguse helmeti akiwa na mikono yenye mafuta. Rafiki yake mkubwa alikuwa marehemu Jackton, mume wangu, dereva wa basi la timu. Walibishana kila asubuhi kuhusu nani aliyechemsha chai nyepesi zaidi, halafu wote wawili wakainywa.

Halafu ikaja Machi 2015. Vita vilianza ng'ambo ya mpaka wa kusini, na katika wiki chache nusu ya wachezaji wakapanda ndege na familia zao. Mwewe wakabaki wachache, na wenzetu, Papa wa Jeddah, wakabaki wachache vilevile. Kafili wetu, yaani mdhamini wetu na mwenye timu, Abu Turki, akawachukua na Papa, akaziunganisha timu mbili kuwa moja. Mimi na Jerusha wa dobi tulishinda kwa fundi cherehani kule mtaa wa Batha tukikata jezi katikati na kuunga nusu ya kijani na nusu ya buluu. Wachezaji wakajiita Mwewepapa.

Hata baada ya kuunganishwa walikuwa kumi na wanne tu. Matajiri wa ligi walikuwa wamekubaliana kwamba timu isiyofikisha wachezaji kumi na wanane katika mechi ya mwisho ya msimu itavunjwa. Abu Turki alikuja mwenyewe ghalani kutupa habari hiyo. "Mafi kumi na wanane, mafi timu," alisema, yaani bila kumi na wanane hakuna timu, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda kuyasema. "Halas, yamekwisha, Elphas. Wote mnapewa exit."

Sisi wafanyakazi wote tulikuwa na ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, kwa jina la timu ile. Timu ikivunjwa, kila mmoja wetu angerudishwa nyumbani: walinzi, madereva, watu wa jikoni, watu wa dobi. Jikoni jioni ile Priscilla alisahau kutia chumvi kwenye mchuzi na hakuna aliyemwambia.

Mzee ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Sheria ya ligi ilisema mchezaji awe na ikama ya mwenye timu. Haikusema lazima awe Mmarekani. Je, ni nani hapa aliye na ikama ya Abu Turki? Sote!

Akatoka mbio hadi kwenye kibanda cha walinzi. "Vijana, yalla! Nani hapa amewahi kucheza raga?"

"Mimi, Mzee," alisema Derrick, kijana wa Vihiga mwenye shingo kama kinu. "Lakini nilivunjika mkono mara mbili."

"Na ukarudi uwanjani?"

"Nikarudi."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta."

Dominic na Mike wa zamu ya lango wakakubali pia. Hao wakawa kumi na saba. Mzee alizunguka kambi nzima, akajaribu hadi kwa mpaka rangi mwenye goti bovu, asipate wa mwisho. Akarudi ghalani, akachagua helmeti, akaivaa mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kocha Lowell akamwandikisha.

Jackton alituendesha Alhamisi nzima hadi Jeddah, kwenye mechi ile ya mwisho, na njia nzima hakumpa Mzee nafasi ya kupumua. "Ukianguka, Mzee, usihangaike kuinuka. Nitakuja kukuokota na basi."

"Endesha, wewe. Wajukuu wangu watasoma habari zangu, zako hawatazisoma."

Ijumaa ile, katika kambi iliyo karibu na bandari ya Jeddah, tulijipanga pembeni mwa uwanja tukiwa na sufuria za kupiga badala ya ngoma. Wapinzani, Ngamia wa Dammam, walikuwa zaidi ya thelathini. Refa alihesabu vichwa vyetu: kumi na wanane. Tulipiga sufuria kana kwamba tumeshashinda.

Mzee alikaa benchi hadi karibu na mwisho. Tulikuwa nyuma, ishirini na moja kwa kumi na nne, na vijana wawili walikuwa wamebebwa nje kwa kubanwa misuli, ndipo Kocha akamnyooshea kidole. Mpira ukarushwa kwa Derrick. Watu watatu wakamrukia. Mmarekani angeukumbatia mpira na kulala nao chini. Derrick, kwa mazoea ya raga, alipokuwa akianguka akautupa nyuma, kwa Dominic. Ngamia walikuwa wameshaanza kupunguza mwendo. Dominic naye akakamatwa, akautupa nyuma, na huko nyuma, peke yake, alikuwa Mzee Elphas.

Alikimbia! Jamani, alikimbia yule mzee! Jackton aliangusha sufuria, akakimbia naye nje ya mstari akipiga kelele, "Mzee, twende! Twende, baba!" Akavuka mstari, alama sita zikaingia, refa akainua mikono. Lakini Mzee hakusimama. Katika raga huhesabiwi mpaka mpira uguse ardhi, na ukiuweka katikati unampunguzia mpigaji kazi. Akakata kona hadi chini ya milingoti, huku Kocha akimlilia aache, akajirusha kwa bega zima juu ya nyasi. Bega likateguka kwa kufunga bao lililokuwa limeshafungwa.

Mkwaju wa nyongeza ukaenda nje, maana mpigaji wetu halisi alikuwa ameshafika kwao zamani. Tulishindwa kwa alama moja. Abu Turki aliingia uwanjani na kanzu yake nyeupe, akambusu Mzee kichwani juu ya helmeti, na kumwambia, "Timu ipo."

Na timu ikaendelea kuwapo. Derrick alipewa mkataba wa mchezaji, na siku hizi ndiye nahodha. Mzee alirudi ghalani mkono ukiwa kwenye kitambaa, na mwaka uliofuata akaanzisha mazoezi ya raga kwa walinzi kila Jumamosi, ili timu isikwame tena. Wachezaji watano wa sasa wametoka katika mazoezi hayo.

Mzee, kila mtu hapa ana lake la kukushukuru. Wengine walimaliza mikataba yao, wengine walisomesha. Mimi na Jackton tulikuwa na chumba kimoja cha wafanyakazi wenye ndoa, chenye dirisha linalotazama maegesho. Kama timu ingevunjwa, yeye angerudi bandarini Mombasa na mimi ningetafuta nyumba ya madam mwingine ya kufanyia kazi za ndani, kila mmoja kwake, kama tulivyoishi kabla. Tuliishi pamoja katika chumba kile miaka miwili zaidi, hadi alipofariki. Miaka hiyo miwili ulitupatia wewe.

Asante, Mzee wetu. Nenda salama kwa mkeo Mama Emmah na wajukuu, bega lipone kabisa, na siku zako za nyumbani ziwe njema na nyingi.