Mwalimu Aliyeuliza Nani Kaamua

Ndugu waombolezaji, habari za kuzaliwa kwa dada yetu zilisimuliwa kwanza na shangazi yetu mkunga, tarehe 22 Agosti 1984, siku ya harusi ya marehemu, naye alisema kwamba asubuhi ya tarehe 14 Machi 1958, uchungu ulipomshika mama, baba alizunguka nyumba nzima akitafuta kiatu cha pili, na mama ndiye aliyesimama mlangoni akasema twende hospitali sasa hivi, ukikipata utatukuta huko. Baba alicheka pamoja na wageni, lakini maisha yake yote alisimulia kwamba yeye ndiye aliyeamua kumpeleka mama hospitali, na ukoo unajua hivyo mpaka leo.

Marehemu alikuwa mtoto wa pili, akimfuata kaka yetu seremala. Alisoma shule ya msingi nyuma ya kituo cha mabasi, mwaka 1965 hadi 1971, sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1975, kisha chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1977, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha historia katika sekondari ya kutwa iliyo mkabala na soko, ambako alibaki mpaka alipostaafu mwaka 2013.

Darasa lake lilikuwa na ubao uliopasuka katikati, kutoka juu hadi chini, naye hakuomba utengenezwe, kwa sababu kila alipofundisha watawala aliandika kushoto mwa ufa jambo ambalo mtawala aliamua, na kulia maneno ambayo kitabu cha somo kiliyatumia kulieleza. Mfalme alipokataa mkataba wa adui, kitabu kilisema alikuwa na msimamo thabiti. Dada yake aliporithi kiti akaukataa mkataba uleule, kilisema ni ukaidi wa kike. Malkia huyo alipoamuru mji uhamwe na maghala yachomwe kabla adui hajafika, watu wakapona, kitabu kilisema alifanya hivyo kwa ushauri wa waziri wake. Marehemu alikuwa akigonga ubao kwa chaki na kuuliza, "Nani kaamua?", mpaka likawa ndilo jina lake shuleni, na siku alipomuuliza kijana mmoja nani kaamua usifanye kazi ya nyumbani, kijana akajibu, "Waziri wangu, Mwalimu," darasa likaangua kicheko, naye akacheka mpaka akajishikiza ubaoni.

Katika harusi hiyo ya mwaka 1984 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni mfamasia.

Mei 1996 aliitwa kwenye jopo la kupitia upya kitabu hicho cha kidato cha pili, ghorofa ya tatu kwa wachapishaji, watu saba mezani, mwanamke akiwa yeye peke yake, akawaonyesha katika kitabu chenyewe kwamba waziri anayesifiwa alikuwa kaburini miaka miwili kabla maghala hayajachomwa. Mwenyekiti, msomi mpole aliyemmiminia chai kwa mkono wake, alimwambia, "Basi, Mwalimu, atakuwa alishauriwa na mwingine." Toleo jipya likatoka na maneno "kwa ushauri wa wazee wa baraza". Alirudi pale mara kadhaa, mpaka mlinzi wa getini akamwambia, pole mama, wakubwa wameshaamua. Na kwa kuwa mtihani ulitoka katika kitabu hicho, mwanafunzi aliyeandika kwamba malkia aliamua mwenyewe alikosa alama, kwa hiyo kwa miaka kumi na saba marehemu alifundisha kwamba ni wazee wa baraza walioshauri, akawawekea vema walioandika hivyo, na nyumbani hakulizungumza.

Februari 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aprili mwaka huu wa 2024 alimwambia daktari wake kwamba inatosha, anataka siku zilizobaki azimalize mezani kwake na kitandani kwake. Daktari akamgeukia shemeji, akauliza, "Mzee, mmekubaliana?" Shemeji akajibu, "Muulize mwenyewe, daktari, mimi hapa ni mbeba mfuko." Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 9 Juni, baada ya chakula cha mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Rasimu ya historia hii ilisema aliamua kuacha matibabu. Jumanne kamati ya familia, chini ya baba mdogo, iliona kwamba maneno hayo yanamfanya aonekane mgumu wa moyo, kwamba mama hawaachi watu wake hivihivi, ikaandika kwamba alikata tamaa, na kwa ushauri wa mumewe akarejea nyumbani. Shemeji alikataa, akaambiwa tulia, shemeji, tunakulinda. Binti aliwakumbusha kaka yetu seremala, ambaye Septemba 2011 alikataa kukatwa mguu, na historia yake ikasema aliamua kwa ushujaa kuondoka na miguu yake yote miwili, akajibiwa kwamba yule alikuwa mwanamume wa shoka. Wakati wanabishana, vijitabu vya mazishi vilikuwa vimekwisha kuchapishwa na maneno ya kamati. Ndivyo mlivyo navyo mikononi, ukurasa wa tatu, na ndivyo vitakavyokaa katika makabati yenu wakati maneno haya ya mdomo yamekwisha kusahaulika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani walioleta viti na kukesha nasi, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa zamani waliosimama kule nyuma.

Kati ya waliotajwa humu, baba, mama, shangazi na kaka wametangulia. Shemeji na binti wapo hapa mbele yenu, baba mdogo yupo, na mwenyekiti wa jopo yu hai, ametuma rambirambi. Kitabu bado kinafundishwa. Wa kugonga ubao na kuuliza ndiye tunayemzika.

Pumzika, dada, kwa amani uliyoichagua mwenyewe.