Mama Panya na Maziwa ya Mbuzi wa Kaka

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tuliyemleta hapa leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya mwisho kabla ya josho la ng'ombe. Baba yake alikuwa mlinzi wa josho na mama yake alifuga mbuzi. Jina la kwenye vyeti alilitumia kazini tu. Mtaani alikuwa Mama Panya, na aliitika bila kununa.

Alipokuwa darasa la tano, mwanambuzi alikufa ghafla. Watu wazima wakilaumiana uani, yeye alikaa mlangoni, akampasua kwa kisu cha jikoni, akawaita waje waone minyoo myembamba kama uzi iliyojaa tumboni. Mama alimchapa kwa ajili ya kisu, halafu akakaa chini wakaangalia pamoja. Kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza atasomea nini. Alihitimu shahada yake ya pili, ya vimelea vya mifugo, mwaka 1987, na mwaka huohuo akaajiriwa katika kituo cha utafiti, kwenye chumba chenye vizimba vya panya weupe na harufu ya pumba isiyotoka kwenye nguo.

Mume wake, fundi cherehani, alimpata humohumo. Alikuja kupima makoti ya maabara, akatia mkono kwenye mfuko wa koti la marehemu, akamtoa panya. Anasema hakupiga kelele. Marehemu alisema kelele zilisikika hadi kwa mhasibu. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1990, wakajaliwa watoto wawili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisirukwe.

Mwaka 2014 mbuzi wa kaka yake mkubwa walianza kuisha. Walivimba chini ya taya, wakawa weupe ndani ya kope, na dawa ya dukani haikuua kitu kwa sababu minyoo ilikwisha kuizoea. Marehemu akakumbuka majani machungu ambayo mama yao alimpa mbuzi mgonjwa, konzi moja, basi. Akamwambia kaka ajaribu. Mbuzi walipona, wakanenepa, wakajaa maziwa. Kaka akafurahi mno, akapanda majani hayo ua mzima, mbuzi wakawa wanayala kila siku ya Mungu. Kaka ni mtu wa mkono wazi, hilo halina ubishi. Maziwa yalitufikia sisi dada zake wawili, na kila mama aliyejifungua mtaani alipelekewa chupa.

Marehemu naye aliyapeleka majani maabara, akawapa panya. Mwanzoni panya waling'aa manyoya, wakala kwa pupa, mpaka wenzake wakampongeza. Alisema baadaye kwamba kilichomtisha ni kule kung'aa. Maana baada ya miezi, bila kuugua kwa kuonekana, waliacha kula mmoja mmoja, wakajikunyata pembeni wameuelekea ukuta. Alipowapasua alikuta maini yamekakamaa, yamejaa vinundu.

Alikwenda kwa kaka siku hiyohiyo.

"Wewe, panya akipiga chafya unataka mimi niuze mbuzi?" kaka alimjibu. "Waangalie mbuzi wangu. Yuko wapi anayeumwa?"

Kweli hakuwepo, na mpaka leo hayupo. Marehemu akaona labda mbuzi wana maini ya chuma, akanyamaza, akaendelea kunywa chai ya maziwa kama sisi sote. Miaka ikapita. Mwaka juzi miguu yake ilianza kuvimba na macho yakawa ya njano. Daktari alimuuliza anakunywa pombe kiasi gani, yeye ambaye hata bia hajawahi kuonja. Alikwenda kazini na chupa ya maziwa ya nyumbani, akawawekea panya wazima badala ya maji. Panya hao pia waling'aa kwanza. Kisha nao wakaugeukia ukuta.

Alituita wote sebuleni akatuambia maziwa yale yamebeba sumu ya majani, tuache, na tukapimwe. Mimi mdogo wake nilikuwepo, nililia. Kaka alisema, "Mama alikunywa maziwa ya mbuzi maisha yake yote akafa mzee," akachukua kofia yake akaondoka. Hawakuzungumza tena. Marehemu alifariki tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, amelala ubavu, na mume wake amemshika mguu.

Wasifu huu kaka aliusoma kabla haujapigwa chapa. Akasema, "Hapo kwenye maziwa futa, watu watanionaje?" Hapakufutwa. Kaka, tunakupenda, lakini jana jioni tulikuona umebeba ndoo unatoka kukamua.

Marehemu ameacha hawa wafuatao. Aliagiza wasisomwe kwa ukubwa, bali kwa aliyetangulia kunywa. Kaka yake mkubwa na wifi yetu mke wa kaka. Mume wake. Mimi mdogo wake. Watoto wake wawili. Watoto watano wa kaka. Wajukuu watatu, na wa mwisho kati yao amenenepa vizuri, ana ngozi inayong'aa, kila anayembeba anamsifia. Wameachwa pia majirani mliopelekewa chupa, nanyi mnajijua.

Daktari anasema ini likiwahiwa linaweza kupona. Mama Panya na apumzike, kazi yake ameimaliza. Sisi wengine, kesho asubuhi tukutane hospitali, na mjukuu huyo mdogo tutakuwa naye.