Neno la Leta Ndani ya Mashini

Amani kwenu, baba na mama wa kikundi chetu cha kusoma. Leo musinisifu mapema, hata kama nimezoea.

Munanijua. Shule niliacha darasa la pili, lakini chukudu ninazochonga, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, zinashuka kutoka Kibumba na mulima wa kabichi juu, na hakuna hata moja iliyovunjika shingo. Basi vijana fulani wa kituo kimoja hapa Goma walipoanza kutengeneza mchezo wa video wa mji wetu, nikaona chukudu waliyochora: magurudumu kama sahani. Nikawaambia, "Munifundishe hiyo mashini, nitawafanyia chukudu na mutu wa kuisukuma."

Mwalimu alikuwa musichana wa Butembo, mpole. Alinifungulia bonge la udongo ndani ya kioo cha mashini, udongo usioshikika, na kalamu ya kuuvuta na kuubonyeza. Siwadanganyi, wiki ya kwanza tu nilikuwa nimewapita wote. Wiki tatu nikachonga kichwa cha musukumaji: mishipa ya shingo, jasho, jino moja limekatika. Vijana walisimama nyuma ya kiti changu kuangalia.

Kazi yangu sikuifunga hata siku moja. Mbao unaiacha juu ya meza, kesho unaendelea, si ndiyo? Kila mara mwalimu alipotaka kunionyesha namna ya kuifunga, nilimujibu, "Wewe mutoto, nimeanza kuchonga hujazaliwa." Watu walicheka. Na yeye alicheka.

Siku moja mchana, mwalimu ametoka kula, tukaambiwa tuhamie chumba kingine. Nikaifunga kazi mwenyewe, mara ya kwanza. Kikatokea kisanduku: Enregistrer? Chini yake, Oui na Non, yaani ndiyo na hapana. Ndugu zangu, hilo neno la juu nililitambua kwa umbo lake. Liko kwenye karatasi ambayo mutu wa Leta, wa serikali, alibandika mlangoni kwangu: anaandika jina lako, kisha taksi, ile kodi yao, inafuata. Nikajisemea, hata humu wamenifikia? Nikabonyeza Non.

Kichwa kikapotea. Mwalimu aliporudi nikamwambia mbele ya wote, "Umefuta kazi yangu kabla ya kwenda kula. Una kijicho." Aliangalia kioo, akaniangalia mimi. "Pole, papa," akasema, basi. Nikapeleka kelele kwa wakubwa wa kituo. Wiki ile ile wakamuondoa.

Sasa musikie ubaya wenyewe. Mwalimu mpya alitueleza kwamba lile neno, ndani ya mashini, ni kuweka kazi isipotee. Nikanyamaza. Nilinyamaza miezi mitano, nikachonga kichwa kingine, nikasifiwa, nikala sifa.

Kilichonivunja ni kumusikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Si yule aliyefuta kazi ya muzee?" Ndilo lilikuwa jina lake sasa. Nikatafuta namba yake. Nikamupigia simu, kumbe yuko Butembo, anauza vitenge dukani kwa mama yake.

"Ni mimi nilibonyeza Non," nikamwambia.

"Nilijua, papa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba muzee hajui kusoma? Na wale vijana wote wamesimama pale?"

Nikamuomba arudi. Akasema hapana, papa, amekwisha kuanza maisha mengine. Nilikwenda kwa wakubwa wa kituo nikawaeleza yote, nao wakamwita. Hakurudi. Kule kwenye vitenge mikono yake haichongi kitu, na kwa kuchonga ilikuwa inaizidi yangu. Hilo sijawahi kumwambia mutu.

Namushukuru mama anayetufundisha kusoma hapa Jumamosi, ambaye hajanicheka ninapotaja herufi kama mutoto. Nawashukuru ninyi. Na namushukuru yule musichana, aliyefunika aibu yangu kwa jina lake mwenyewe.

Nawaambia: neno usilolijua, uliza, hata kama anayelijua ni mudogo kwako. Na nimesimama hapa kwa sababu nilimuchafua mbele ya watu. Kumusafisha kwa simu na kwa wakubwa peke yao haitoshi.