Mjomba Jafe wa Tarumbeta FM: Maisha ya Ndugu Yetu Jafeth Andati

(Yameandikwa na kusomwa na dada yake mdogo, Peninah Andati, kwa niaba ya familia)

Jafeth Andati alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani, Nairobi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Elam Andati, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni Industrial Area, na Mama Ruth Ayuma, ambaye yuko nasi hapa leo. Alilelewa Jericho, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ambamo Mama anaishi mpaka sasa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo mtaani, kisha akapelekwa Butere, kwa babu, kwa masomo ya sekondari aliyoyamaliza mwaka 1992. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa kwa hesabu. Alisifiwa kwa mdomo. Alipokuwa darasa la saba, mchungaji wetu alimpa kazi ya kusoma matangazo kanisani, na Jumapili yake ya kwanza alitangaza ndoa ya jirani yetu kama mtu anayetangaza goli la dakika ya mwisho. Kanisa zima lilipiga makofi. Bibi harusi alicheka mpaka kitambaa kikadondoka kutoka kichwani mwake. Mchungaji alimwonya, lakini hakumnyang'anya kazi, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna aliyechelewa ibada.

Baada ya shule alifanya kazi ya kibarua katika kiwanda alichofanyia kazi baba, na wikendi akawa mshereheshaji wa harusi katika kumbi za Jericho na Makadara. Ni katika harusi moja ya mwaka 2004 ndipo Bwana Nuh Magan, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Eastleigh, alipomsikia. Bwana Nuh alikuwa amepata kibali cha kufungua redio ya muziki. Alimvuta kando akamwambia, "Vijana wa huku wanaimba kila siku, na hakuna mahali pa kuwasikia. Njoo tuwafungulie mlango."

Hivyo ndivyo Tarumbeta FM ilivyoanza, katika chumba cha juu ya duka la nguo, kuta zikiwa zimefunikwa kwa magodoro ili honi za barabarani zisiingie hewani. Jafeth alikuwa sauti ya kwanza kusikika. Alijiita Mjomba Jafe. Alicheza nyimbo za vijana wa Dandora ambazo redio za mjini zilikuwa zimezikataa, akasoma salamu za wasikilizaji, na kila aliyesomewa jina lake alitembea siku hiyo kifua mbele. Wako watu hapa leo ambao majina yao yalisomwa hewani na kaka yangu kabla hayajasomwa popote pengine. Miaka ile tulijivunia, na hatuoni haya kusema hivyo.

Mwaka 2006 alifunga ndoa na Lorine Nerima, aliyekuwa akiuza viatu soko la Jericho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ayuma na Elam.

Mwaka 2008 Bwana Nuh aliuza redio kwa kampuni ya mjini. Studio ilihamishiwa jengo la vioo ng'ambo ya pili ya jiji, na wenye redio wapya wakataka kipindi cha asubuhi kiwe cha kuchekesha, ili matangazo ya biashara yaje. Jafeth aliwapa walichotaka. Hakulazimishwa. Yeye mwenyewe alitukataza tusije tukasema kwamba alilazimishwa.

Kulikuwa na msikilizaji tuliyemwita Mama Kavinya, jirani yetu, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha kusindika maziwa. Mume wake, Mwangangi, alikuwa ameondoka kwenda Mombasa kutafuta kazi ya lori na hakurudi wala kupiga simu. Mama Kavinya alikuwa akituma salamu ile ile: imfikie Mwangangi popote alipo, nyumbani wanamngoja. Kwa muda Jafeth aliisoma kwa heshima. Kisha asubuhi moja ya mwaka 2009 aliisoma, akaongeza, "Wasee, huyu Mwangangi ako wapi kwani? Ama kuna mahali anapakuliwa ugali moto?" Mwenzake studioni akaweka kicheko cha umati. Simu zikaanza kumiminika.

Kikawa kipande cha kila asubuhi. Kikapewa jina, "Mwangangi Yuko Wapi?" Watu walipiga simu kusema wamemwona akiuza kuku Kayole, wamemwona akicheza mchezo wa pulu Mathare, wamemwona amevaa gauni. Kila mmoja alichekewa, kisha wimbo ukapigwa. Matatu ziliongeza sauti kipande hicho kilipofika. Sisi wa nyumbani pia tulikisikiliza tukinywa chai.

Mama Kavinya hakujua kwamba ni mchezo. Mtu aliposema hewani kwamba amemwona Mwangangi akiuza kuku Kayole, aliomba ruhusa kazini, akawavalisha watoto nguo za kanisani, akaenda Kayole kutafuta. Alizunguka soko zima akiwauliza wauza kuku. Walipomtambua kuwa ndiye yule wa redioni walimwita jina la mume wake huku wakishika mbavu, na watoto wakiwa wamemshika mikono. Baadaye watoto wakaanza kuimbiwa "Mwangangi Yuko Wapi?" shuleni. Mwaka 2010 alihama Jericho bila kumuaga mtu.

Mwaka uliofuata Lorine alirudi kutoka sokoni akamkuta Jafeth mezani akila. Hakuketi. Alimwambia, "Jafe, polisi wamepata habari za Mwangangi, wamemtambua kwa alama za vidole. Gari lilimgonga huko barabara ya Mombasa wiki ile ile aliyotoka hapa. Alizikwa bila jina. Wakati wote alikuwa amekufa. Mlikuwa mkimcheka maiti."

Jafeth alisukuma sahani. Kesho yake akalisema jambo hilo hewani. Alisoma taarifa ya habari za magari barabarani, kisha akasema, "Mama Kavinya, kama unanisikia, mume wako hakukukimbia. Mimi ndiye..." Hapo sauti yake ilikatwa. Msimamizi alikuwa ameweka tangazo la mafuta ya kupikia. Jafeth alivua hedifoni, akaziweka mezani, akatoka. Hakurudi Tarumbeta FM tena, ingawa walimpigia simu wakimwomba arudi, kwa sharti kwamba jambo hilo lisitajwe.

Tangu hapo alikataa kushika maikrofoni. Alikataa hata harusi yangu mimi, dada yake, mwaka 2012. Alisema, "Peninah, nitabeba viti. Nitaosha sufuria. Usiniambie niongee." Nami nilimkasirikia. Alifungua duka la nafaka Dandora, na kwenye chumba cha nyuma akawafundisha vijana kurekodi nyimbo zao. Waliokuwa wadogo mno kumjua Mjomba Jafe walimjua kama mzee wa maharagwe mwenye masikio makali.

Mwaka 2014 alimpata Mama Kavinya. Alikuwa na kibanda cha chapati karibu na mtaa wa Fedha. Jafeth alisimama mbele ya kibanda akajitambulisha, ingawa haikuhitajika. Mama Kavinya alikuwa ameijua sauti yake kabla ya kuinua macho. Jafeth alimwomba msamaha. Akamwambia alijaribu kuuomba hewani na akakatwa.

Mama Kavinya aliendelea kusukuma chapati. "Hewani ndipo uliponivua nguo," alimwambia. "Sitaki univalishe huko. Nenda soko la Jericho, wanaponijua. Sema kwa mdomo wako, bila mashine, mbele ya watu. Nitakuja kusikia."

Jumamosi iliyofuata kaka yangu alisimama sokoni juu ya kreti ya soda. Nilikuwepo. Alipofungua mdomo tu, watu walimtambua wakafurahi. "Mjomba!" walipiga kelele. "Leta ile ya Mwangangi!" Walikuja mbio kutoka vibandani wakitoa simu wamrekodi. Alisimama pale amekunja mikono, jasho likimtiririka, wakimcheka kwa mapenzi, naye hawezi kuanza. Aliacha wacheke mpaka walipoona uso wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba Mwangangi alikuwa mtu mwema aliyekufa barabarani akitafutia watoto wake chakula, kwamba mke wake alimtafuta kwa uaminifu, na kwamba yeye, Jafeth Andati, aliwafanya mzaha ili apendwe.

Watu walirudi vibandani. Wengine walikasirika kwamba amewaharibia Jumamosi. Mama Kavinya, aliyekuwa amesimama upande wa mabucha na binti yake, alimwambia, "Nimesikia," akaenda zake. Tukiwa njiani kwenda nyumbani, kaka aliniambia, "Hakusema amenisamehe. Na sikumuuliza."

Mwaka 2021 Jafeth alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu kwa zaidi ya miaka mitatu, Lorine akiwa pembeni yake. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na vijana wa Dandora waliompeleka na kumrudisha kwa zamu. Alilala usingizi wa mwisho Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mke wake na Mama.

Siku mbili baadaye Tarumbeta FM, ambayo siku hizi huendeshwa na kompyuta na haichezi hata wimbo mmoja wa Dandora, ilitangaza kifo cha mtangazaji wake wa kwanza. Walimsifu sana. Halafu, kama heshima kwa marehemu, wakacheza "Mwangangi Yuko Wapi?", pamoja na vicheko vyake. Kufikia jioni kipande hicho kilikuwa kimesambaa kwenye makundi ya simu. Kule nyumbani matangani kijana mmoja alikicheza, na waombolezaji wakacheka. Sisi watu wa familia tulikuwa tumekaa nao. Baadhi yetu tulicheka pia.

Lorine alisimama. Mjane hatoki matangani, na wazee walimkumbusha hivyo. Alivaa viatu akaenda Fedha. Alikuta kibanda kimefungwa na Mama Kavinya amekaa ndani ya nyumba yake, redio imezimwa. Lorine alitaka kupiga magoti. Mama Kavinya alimshika bega.

"Rudi kwa maiti yako, Lorine," alimwambia. "Wewe angalau unajua iko wapi."

Lorine alimuuliza familia ifanye nini. Akajibu, "Mkizika, semeni. Semeni lote, na jina langu mlitaje, maana wale wa redio wamelitaja. Na mseme Mwangangi hakunikimbia."

Mwangangi hakumkimbia. Tumesema.

Marehemu ameacha mama yake, Ruth Ayuma. Mke wake, Lorine Nerima. Watoto wake, Ayuma na Elam. Dada yake, Peninah. Wapwa, majirani wa Jericho na vijana wengi wa Dandora aliowaita wanawe.

Kabla hatujamteremsha, familia ina ombi. Wengi wenu mna kipande kile kwenye simu zenu. Tunajua, kwa sababu na sisi tulikuwa nacho. Tafadhali zitoeni simu sasa, mkifute, kila mtu chake. Tutasubiri.

Mungu amlaze kaka yetu Jafeth mahali penye utulivu, na Mama Kavinya aachwe naye apate utulivu angali hai.