Papa Paul Ntirenganya, Aliyepima Mikono ya Mke Wake

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kulia pamoja nasi, kwa niaba ya jamaa tunawasomea maisha ya muzee wetu, Papa Paul Ntirenganya, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika vilima vya Masisi, mwana wa pili wa muzee Niyitegeka, mfugaji, na mama Nyiramahirwe, wote wametangulia.

Alisoma shule ya msingi Masisi, akamaliza sekondari Rutshuru mwaka 1989, kisha akaenda Bukavu kusomea biolojia, hasa ya kuvu, ingawa baba yake aliuliza hadi kufa kwake ni ng'ombe gani aliyewahi kunenepa kwa mtu kutazama uozo. Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa kwenye labo ya hospitali moja hapa Goma, akashika kazi ya kuvu zinazoleta magonjwa.

Tarehe 8 Julai 2000 alifunga ndoa takatifu na Julienne Uwingabire, muuguzi wa watoto wachanga, Mungu akawajalia Rosette, Benny na Munezero, wakaishi mtaa wa Katoyi, katika nyumba ambayo mkate ukiota kuvu haukutupwa kabla Papa hajaukagua, mpaka Mama akajifunza kuificha mikate.

Mwaka 2021 labo ilipata mashine ya infraruji, inayomulika kuvu iliyokaushwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na kwa kuwa kila kuvu hunyonya mwanga huo kwa namna yake, mashine huchora mstari unaoonyesha ni kuvu ipi, na ina undugu na ipi.

Oktoba 2023 watoto wachanga walianza kufa katika chumba cha hospitali alimohudumu Mama Julienne, kuvu ikiwa katika damu yao, naye Mama Mukabalisa, mkimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya aliyefiwa na mtoto wake humo, akasema mbele ya watu wote kwamba mikono ya Julienne ndiyo iliyoua. Papa Paul alichukua sampuli za chumba kizima na za mikono ya wauguzi wote, akianza na ya mke wake, akamwambia, "Mama Rosette, kama ni weye, nitasema ni weye." Akijua watu watasema mwamba ngoma huvutia kwake, alibandika namba badala ya majina, akamwachia mwenzake wa labo, Jean-Bosco, kuzisoma kwa mashine ile, akarudi kulala nyumba moja na mke asiyemsemesha. Mstari wa kuvu ya watoto ulifanana na wa kuvu ya kipimajoto cha kwapani kilichozungushwa kitanda hadi kitanda, mikono ya wauguzi ikatoka safi, kipimajoto kikaondolewa, vifo vikakoma. Hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe kambini kumweleza Mukabalisa, akakaa naye mpaka akaelewa, na sisi jamaa tunajivunia hilo kuliko diploma zake zote.

Tangu Februari 2025 figo zilimsumbua, akafariki nyumbani Katoyi, Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, mikononi mwa mke wake.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, wenzake wa labo, majirani waliotuletea kuni na maji, na Mama Mukabalisa, ambaye tangu Jumanne analala mkeka mmoja na Mama Julienne, na asubuhi hii ndiye aliyemshika mkono kumleta hapa.

Papa Paul, ulikuwa tayari kusema kweli hata ikuvunjie nyumba, sasa pumzika kwa amani.